Unataka Deki Nyuma ya Keja? Panga Chini Kwanza, Juu Itajipanga

Kuna ile picha kila mtu amesave kwa simu. Mbao zimelala fiti, taa za kamba zinaning'inia, mbogi imekaa na vinywaji, jua linazama. Ukiiona unasema lazima utoe hiyo kitu nyuma ya keja kabla Disemba ifike. Sawa kabisa. Lakini hiyo picha inakuonyesha juu tu, na deki haianzi kuharibikia juu. Inaharibikia chini, mahali kamera haifiki na fundi anajua hutawahi chungulia.

Tuelewane kwanza. Hatuongelei kupiga deki na mop Jumamosi asubuhi. Hii ni sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya ardhi, nje ya nyumba, ya kukaa na watu wako.

Na usidhani ni urembo tu. Tarehe 29 Juni 2003 huko Chicago, Marekani, veranda ya mbao ya ghorofa iliporomoka watu wakiwa kwa party, na 13 wakafa. Juni 2015 huko Berkeley, California, roshani ilikatika usiku, tena wakati wa party, vijana 6 wakafa. Hiyo ya Berkeley, mbao za kubeba zilikuwa zimeoza kwa unyevu ndani kwa ndani, na juu hakuna kitu kilionekana. Deki yako ya nusu mita haitaleta msiba kama huo, lakini kanuni ni moja: uzito wa watu na maji ya mvua havijali umepaka vanishi gani.

Anza na kazi yake

Kabla ya kuita fundi, jiulize utafanya nini hapo. Meza ya watu sita pamoja na nafasi ya kuvuta viti nyuma inataka karibu mita 3 kwa 3.5. Viti viwili na stuli ya chai vinatoshea mita 2 kwa 2. Toka nje na chaki au kamba, chora hiyo size chini, beba viti vyako vya plastiki uvipange ndani, kisha ukae. Utashangaa. Watu wengi huchora kitu kikubwa hadi wanamaliza ua wote, na kwa ploti ya hamsini kwa mia hakuna nafasi ya kucheza nayo.

Ukiwa hapo, angalia vitu vinne. Jua la saa kumi linapiga wapi? Upande wa magharibi utakuchoma jioni, saa ile ile unataka kukaa. Moshi wa jiko utaenda kwa dirisha la nani? Jirani anaona nini akisimama kwa balcony yake? Na chini ya hapo kuna nini? Shimo la choo, manhole, bomba la maji, kebo. Ukifunika manhole na mbao, siku itaziba utang'oa deki nzima ukiwa umeshika pua. Kama hakuna namna ya kuiepa, acha kipande cha juu kiwe mfuniko wa kufunguka.

Udongo ndio bosi

Kama unaishi pande za Kitengela, Syokimau, Mlolongo au Embakasi, kuna uwezekano mkubwa umesimama juu ya black cotton. Huo udongo mweusi hufura ukilowa na husinyaa ukikauka. Mvua ya Machi hadi Mei unainua nguzo, kiangazi unaiachilia, na baada ya misimu michache deki yako imepinda kama kitanda cha bodingi. Dawa yake ni kuchimba hadi upite ule weusi wote, ufike kwa murram au mwamba, ndio umwage zege. Ukichimba na huoni mwisho wake, simama, tafuta injinia. Usikubali fundi akuambie "hii itashika tu."

Kama uko kwa udongo mwekundu wa Kiambu, kazi ni rahisi kidogo, lakini bado shimo liende kama sentimita 60 au zaidi, hadi mahali udongo ni mgumu.

Halafu maji. Ardhi chini ya deki inafaa iteremke kutoka kwa ukuta wa nyumba kwenda nje. Mvua ikinyesha sana, toka na mwavuli uone maji yanakimbilia wapi. Yakisimama pale unataka kujenga, rekebisha hiyo kwanza. Na hakikisha sakafu ya deki iko chini ya sakafu ya nyumba kwa sentimita 5 hadi 10, la sivyo mvua ya upepo itaingia sitting room bila kubisha.

Jua vipande vyako

Deki ina ngazi nne, kutoka chini kwenda juu. Kuna msingi wa zege. Kuna nguzo fupi. Kuna bimu zinazolala juu ya nguzo, na joisti zinazokatiza juu ya bimu. Mwisho kabisa ndio mbao za kukanyaga. Fundi akikupa bei ya mbao za juu pekee, jua stori bado haijaanza.

Mambo matatu hapa hayana mjadala. Moja, nguzo ya mbao isizikwe ndani ya udongo wala ndani ya zege. Zege ipande sentimita 10 au 15 juu ya ardhi, na nguzo ikalie kiatu cha chuma kilichofungwa juu yake, ndio isinywe maji. Mbili, acha nafasi ya hewa chini, angalau sentimita 15, na usizibe kando zote. Mbao isiyopumua huoza. Tatu, chini ya deki pasiwe na vipande vya mbao vilivyobaki wala takataka. Hiyo ni karamu umeandalia mchwa.

Jambo lingine: usishikilie deki kwa ukuta wa nyumba kama hakuna haja. Bimu iliyopigwa misumari tu kwa ukuta ni moja ya sehemu zinazoangusha deki nyingi. Jenga ile inayosimama yenyewe, na nguzo zake pande zote. Ukuta wako pia hautaanza kunyonya maji.

Mbao gani?

Kwa yadi utapata sana saiprasi, paini na blugamu. Saiprasi na paini ni rahisi kufanyia kazi, lakini nje zinataka dawa. Blugamu ni ngumu na nzito, ila ikikauka vibaya hupinda na kupasuka. Mvule ni mbao ya heshima, hukaa nje miaka mingi, lakini bei itakufanya ukae chini. Kuna pia zile za mchanganyiko wa plastiki na unga wa mbao: hazitaki vanishi, ila hushika joto juani hadi miguu peku inalia, na zinataka joisti zikaribiane zaidi.

Ukiambiwa mbao ni "treated", usiangalie rangi ya kijani ya nje tu. Uliza ilitiwa dawa kwa presha ama ilipakwa na brashi. Omba ikatwe mwisho mbele yako uone dawa imeingia kiasi gani. Na kila mahali fundi atakata, paka dawa tena hapo hapo, kwa sababu mchwa na maji huingilia kwa kidonda kipya. Ile ya kupaka oil chafu ya gari? Achana nayo. Haiingii ndani, inanuka, inachafua nguo za wageni na udongo pia.

Angalia pia kama mbao ni mbichi. Ukiinua na ni nzito kupita kawaida, ukiishika ni baridi na ina unyevu, bado haijakauka. Ipange kivulini na vijiti katikati ya kila safu hewa ipite, uiache wiki kadhaa. Harakisha hapa na utapata mawimbi badala ya sakafu.

Hesabu kabla ya kutoa doo

Chukua mfano wa deki ya mita 4 kwa 3, iliyo chini, isiyopita nusu mita kutoka ardhini. Ubao wa 6 kwa 1 ukishapigwa randa hubaki kama sentimita 14. Ongeza mwanya wa milimita 5 kati ya ubao na ubao. Kwa upana wa mita 3 unapata safu 21, kila moja mita 4, yaani futi 13 na kitu. Hiyo ni karibu futi 276. Ongeza asilimia 10 ya kukata na kuharibika, uko na kama futi 300.

Chini yake, joisti za 6 kwa 2 ziachane sentimita 40 kutoka katikati hadi katikati. Hiyo ni joisti 11 za mita 3. Bimu ziwe mistari mitatu, kila mstari ni 6 kwa 2 mbili zimefungwa pamoja kwa bolti, na nguzo tatu kwa kila mstari. Jumla nguzo 9. Ukiongeza mbao mbili za kufunga mwisho wa joisti, 6 kwa 2 zinafika kama futi 215.

Hiyo orodha ndio silaha yako. Ipeleke kwa yadi tatu, linganisha bei ya futi, na fundi akikuja na futi 500 za mbao za juu muulize zingine zinajenga kwa nani. Lakini kama deki itainuka zaidi ya mita moja, au iko juu ya paa, au ardhi ina mteremko mkali, hesabu hii haikutoshi. Lipa injinia. Ni rahisi kuliko mazishi.

Skurubu, reli na ngazi

Mbao za juu zifungwe kwa skurubu mbili kila zinapokutana na joisti, na ziwe za chuma kisichoshika kutu au zilizopakwa zinki. Msumari wa kawaida hujitoa taratibu kila mbao ikifura na kusinyaa, na siku moja utakutana na kisigino cha mtoto.

Deki ikipita sentimita 60 kutoka chini, weka reli ya kama mita 1. Nafasi kati ya vijiti zisizidi sentimita 10, ndio kichwa cha mtoto kisipite. Pendelea vijiti vya kusimama, kwa sababu vya kulala mtoto huvifanya ngazi. Kisha isukume reli kwa nguvu zote. Ikicheza, haijaisha. Walevi wataiegemea, na hilo unalijua. Ngazi nazo ziwe na kimo sawa zote, kama sentimita 15 hadi 18. Moja ikizidi nyingine, hapo ndipo watu huangukia usiku.

Choma nayo?

Deki bila choma ni nini sasa? Lakini jiko la makaa lisikae juu ya mbao. Kaa huanguka, hupita kwa mwanya, hukutana na majani makavu chini. Tengeneza kipande cha zege au slabu kando, jiko likae hapo.

Na hii ishike sana: vipande vya mbao vilivyobaki, kama vilitiwa ile dawa ya kijani inayoitwa CCA, usiviwashe. Hiyo dawa ina shaba, kromiamu na aseniki. Ukichomea nyama nayo, sumu inaenda kwa moshi, inabaki kwa jivu, na unawapea mabeshte wako kwa sahani. Marekani waliacha kuitumia kwa mbao nyingi za nyumbani tangu mwisho wa 2003. Wakati wa kukata, fundi avae maski, na mkono unawe kabla ya kula.

Kanjo, mwenye nyumba na fundi

Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019 inataka ujenzi upate kibali cha kaunti. Pita ofisi ya mipango uulize kuhusu deki ya size yako kabla ya kuanza, si baada ya kanjo kubisha. Kama uko kwa estate ya geti, soma pia masharti yao.

Umepanga? Pata ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi, na iandikwe deki ni ya nani ukihama. Afadhali ujenge kwa vipande vilivyofungwa na bolti, siku ya kuhama unafungua unaenda nayo.

Fundi naye usimlipe yote mwanzo. Gawa: akimaliza msingi, akimaliza bimu na joisti, akimaliza juu. Hiyo hatua ya pili ndio muhimu kuliko zote. Kabla mbao za juu zilale, piga picha za kila nguzo na kila bolti, weka pimamaji, tembea juu ya joisti. Ikifunikwa, imefunikwa.

Baada ya hapo ni matunzo. Fagia majani, toa uchafu kwa mianya, rudishia mafuta ya mbao au dawa ya kuzuia maji ukiona mvua haitengenezi matone tena juu ya ubao. Na mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua ya Machi na ile ya Oktoba, chukua tochi na bisibisi, lala chini, uchungulie. Choma nguzo na joisti na ncha ya bisibisi. Ikizama kama kwa mkate, badilisha. Ukiona vinjia vya udongo vinapanda nguzo, mchwa wamefika.

Utachafuka nguo, sawa. Lakini siku watu ishirini wamesimama juu na ngoma imeshika, utakuwa mtu pekee hapo anayejua wamesimama juu ya nini.