Nani anakubaliwa kugombea? Kasongo, Kabambare na kesi zinazoamuliwa Kindu

Kabla ya mabango, kabla ya fulana na nyimbo za kampeni, kila uchaguzi wa jimbo unakuwa na siku moja isiyo na kelele: siku CENI, tume ya uchaguzi, inabandika listi ya muda ya wagombea. Pale njo mambo mengi yanaamuliwa. Jina ambalo watu walikuwa wanalingojea halipo, ama lipo na mpinzani amekwisha kutafuta avoka ili litolewe. Sokoni maneno yanaanza: wamemutoa juu si wa kwetu, wamemutoa juu hana pesa, wamemutoa juu Kinshasa haimutaki. Mara nyingine maneno hayo yana kitu ndani. Lakini mara nyingi sana ukifuata kesi mpaka mwisho unakuta karatasi: shahada, hati ya kazi, uraia, jina lililoandikwa kwenye listi mbili.

Teritware ya Kasongo na teritware ya Kabambare ni maeneo mawili ya uchaguzi yanayojitegemea. Kila moja linachagua wabunge wake wa kwenda Kindu, kwenye Bunge la jimbo la Maniema. Wabunge hawa, ambao wengi tunawaita tu "depite wa provensi", ndio wanaopitisha bajeti ya jimbo na maamuzi ya jimbo, na ndio wanaomchagua gavana na makamu wake. Mwananchi hapigi kura ya gavana. Ni kwa sababu hiyo jina moja linalofutwa Kabambare linaweza kubadilisha hesabu ya ugavana Kindu miezi michache baadaye.

Sheria inayosimamia mambo haya ni ile ya uchaguzi namba 06/006 ya tarehe 9 Machi 2006. Imerekebishwa mara kadhaa: 2011, 2015, 2017 na 2022. Masharti ya msingi hayakubadilika sana. Mgombea awe Mkongomani. Awe na haki zake za kiraia na za kisiasa. Awe ameandikishwa kama mchaguzi. Kwa ubunge wa jimbo awe na miaka 25 angalau anapoweka ugombea, na kwa ugavana miaka 30. Aonyeshe masomo au uzoefu wa kazi unaokubaliwa na sheria. Na asiwe katika kundi la wale waliokatazwa.

Kundi hilo la waliokatazwa njo linaleta kesi nyingi. Sheria inawatoa watu waliohukumiwa kwa hukumu isiyoweza kubadilishwa tena, kwa uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari, ubakaji, rushwa, kuiba mali ya umma, kuua, mateso, ugaidi na makosa mengine ya namna hiyo. Neno la kushika hapa ni "hukumu isiyoweza kubadilishwa". Mtu aliyeshitakiwa, ama aliyelala siku tatu gerezani Kasongo, ama anayesemwa vibaya kijijini, bado ana haki ya kugombea. Wengi hawapendi kusikia hivyo, hasa Salamabila na vijiji vya karibu na mgodi wa Namoya, ambako watu wameona vikundi vya silaha miaka mingi na wanajua majina. Lakini korti ya uchaguzi haihukumu mauaji. Inaangalia tu kama hukumu ipo ama haipo.

Wengine wamekatazwa kwa sababu ya kazi yao: majaji na waendesha mashitaka, askari wa FARDC, polisi, watu wa CENI wenyewe. Mtumishi wa serikali anaweza kugombea, ila lazima alete uthibitisho kwamba ameomba kuachishwa kazi kwa muda. Wenye kusimamia mashirika ya umma nao wana sharti la namna hiyo. Kwa mwalimu ama muuguzi wa Kasongo, barua hiyo moja, yenye muhuri wa kupokelewa, inaweza kuwa na uzito kuliko mikutano kumi ya kampeni. Mpinzani mwenye avoka anajua pa kutafuta.

Kuna jambo jingine ambalo watu wanalichanganya na hili. Kutokubaliwa kugombea ni tofauti na kutoweza kushika kazi mbili. Mtu aliyechaguliwa mbunge akiteuliwa kazi nyingine isiyopatana na ubunge, lazima achague moja, na mmoja wa wasaidizi wake wawili aliowaandika kwenye dosie anachukua kiti. Huyo hakukosa haki ya kugombea.

Na "mtoto wa kwetu"? Sheria haidai kwamba mgombea wa Kabambare awe mzaliwa wa Kabambare. Haidai awe Mbangubangu, Mkusu ama Mzimba. Mtu wa Kibombo anaweza kugombea Kasongo, na wa Kasongo anaweza kugombea Kindu. Wachaguzi wako huru kumnyima kura juu ya hiyo, lakini jaji hawezi kumutoa juu ya hiyo. Kasongo ni mji uliojaa watu waliotoka mbali, tangu wakati wa Tippu Tip na misafara ya pembe za ndovu, na lugha yenyewe tunayosema ni shahidi. Ile hoja ya kuuliza babu ya mtu alitoka wapi inarudi kila uchaguzi. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 10, inasema Mkongomani wa asili ni mtu wa makabila ambayo watu wake na ardhi yao vilikuwa sehemu ya nchi iliyokuja kuwa Kongo wakati wa uhuru. Inazungumzia nchi nzima. Hakuna uraia wa teritware.

Uraia wenyewe ni habari nyingine, na hapo sheria ni kali. Kifungu hicho hicho cha 10 kinasema uraia wa Kongo ni mmoja, hauchanganywi na mwingine. Mkongomani aliyechukua pasipoti ya Ubelgiji ama ya Ufaransa anapoteza ule wa Kongo mbele ya sheria, mpaka aurudishe kwa kufuata hatua za sheria ya uraia ya Novemba 2004. Kila mtu anajua kwamba viongozi wengi wameishi ng'ambo. Februari 2007 Bunge la taifa lilipoona swali hilo linagusa wabunge wengi, liliweka tu kimya cha muda, na swali likaachwa pale. Matokeo yake ni kwamba sheria hii inalala mpaka mtu fulani aiamshe juu ya mpinzani wake.

Mfano wa karibu zaidi uko kwa majirani zetu wa magharibi, Sankuru. Baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, wabunge wapya wa jimbo walipaswa kumchagua gavana. Upande mmoja alikuwa Lambert Mende, ambaye nchi nzima ilimjua kama sauti ya serikali ya Joseph Kabila. Upande mwingine alikuwa Joseph Stéphane Mukumadi, mgombea huru. Mukumadi alikataliwa, sababu ikatajwa kuwa uraia wa Ufaransa, na Mende akabaki peke yake kwenye listi. Uchaguzi wa mtu mmoja! Sankuru ikachafuka, na kura ikasogezwa mbele wakati majimbo mengine, Maniema ikiwemo, yalichagua magavana wao mwezi wa Aprili 2019. Kwetu ndipo Auguy Musafiri alipochaguliwa. Sankuru ilingoja mpaka Julai. Mukumadi alikuwa amerudi kwenye mashindano, na wabunge wakamchagua yeye.

Watu wa Maniema wanaweza kuona mambo mawili katika ile kesi. Kwanza, hoja ya uraia haikutoka kwa wananchi. Ilitoka kwenye dosie. Pili, mtu aliyesemwa hana haki mwezi mmoja alikuwa gavana miezi michache baadaye, na sheria ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni nani alisikilizwa, na wapi.

Kinshasa nako yametokea mazito. Agosti 2018 CENI ilimkatalia Jean-Pierre Bemba kugombea urais kwa sababu ya hukumu ya korti ya kimataifa ya The Hague kuhusu kuharibu mashahidi, na mwanzo wa Septemba Korti ya Katiba ikakubali uamuzi huo. Mwaka ule ule mtu wa kusini mwa Maniema, Emmanuel Ramazani Shadary, ndiye aliyekuwa mgombea wa muungano uliotawala. Hakuna aliyemgusa kwa karatasi, ila kura zilimweka wa tatu. Oktoba 2023 wapinzani wa Moïse Katumbi walipeleka hoja ya uraia wa Italia kwenye Korti ya Katiba, na korti ikaikataa. Karibu zaidi na sisi ni kesi ya Augustin Matata Ponyo, waziri mkuu wa zamani na mbunge aliyechaguliwa Kindu mwaka 2023. Novemba 2021 Korti ya Katiba ilisema haina uwezo wa kumhukumu katika habari ya Bukanga-Lonzo. Tarehe 20 Mei 2025 korti hiyo hiyo ikamhukumu miaka 10 ya kazi za kulazimishwa, pamoja na kunyimwa haki ya kuchagua na kuchaguliwa kwa miaka 5.

Kwa ubunge wa jimbo, njia haipiti Korti ya Katiba. Mgombea anaweka dosie kwenye ofisi ya CENI ya kupokea ugombea katika eneo lake, akiwa na kadi ya mchaguzi, hati ya kuzaliwa, shahada ama hati ya kazi, na risiti ya dhamana aliyolipa kwa hazina ya serikali. CENI inachunguza, kisha inatoa listi ya muda. Aliyekataliwa, ama chama na mgombea wa eneo lile lile wanaompinga mwingine, wanakwenda kwenye korti ya rufaa, Kindu. Uamuzi wa pale unaweza kupelekwa mbele ya Conseil d'État, Kinshasa, ambayo ilianza kazi mwaka 2018. Mchaguzi wa kawaida hana mlango hapo. Anaweza kujua kwamba shahada ya mgombea ni ya uongo, lakini kesi lazima iletwe na mgombea ama chama.

Ni pale njo shida ya kusini inaanzia. Kutoka Kasongo mpaka Kindu ni zaidi ya kilomita 200 za barabara ambayo kila mtu anayeisikiliza redio hii anaijua. Kutoka Kabambare, ongeza safari ya kufika Kasongo kwanza. Mvua ikinyesha, pikipiki inalala njiani. Siku za kupeleka malalamiko ni chache, na zinahesabiwa sawa kwa mtu anayekaa nyuma ya korti na kwa mtu anayekaa ng'ambo ya Luama. Chama kikubwa kina avoka Kindu na mtu wa kupiga simu. Mgombea huru wa Wamaza anapata habari kwamba jina lake limeshitakiwa wakati hata hajui ni karatasi gani inayotafutwa. Kusema haki ni sawa kwa wote katika hali hiyo ni kusema nusu ya ukweli.

Vyama navyo vinaharibu. Jina moja haliwezi kuwa kwenye listi mbili za uchaguzi wa kiwango kimoja, na bado kila mara wanapatikana watu waliojiandikisha huku na kule wakingoja kuona chama gani kitalipa dhamana. Tena sheria ya 2022 imeweka kwamba chama lazima kiwasilishe wagombea kwa angalau asilimia 60 ya viti vinavyoshindaniwa, la sivyo listi zake zote hazipokelewi. Mtu wa Kasongo anaweza kuwa na dosie safi kabisa akaanguka kwa sababu chama chake hakikupata watu wa kutosha mahali pengine.

Hata aliyepita yote hayo bado hajafika. Kwa ubunge wa jimbo, listi ya chama lazima ifikishe asilimia 3 ya kura za jimbo zima ndipo iingie kwenye ugawaji wa viti. Mtu anaweza kuongoza kura Kabambare na kiti kikaenda kwa aliyekuwa nyuma yake. Watu wanauliza: "Alishapata kura, juu ya nini wanamutoa?" Hakutolewa. Chama chake ndicho hakikufika. Na tena kuna wale ambao kura zao zinafutwa baada ya uchaguzi. Tarehe 5 Januari 2024 CENI ilifuta kura za wagombea 82 kwa udanganyifu, rushwa na kushika mashine za kupigia kura bila haki, na ikafuta uchaguzi wa Masimanimba na Yakoma. Hao walikuwa wamekubaliwa kugombea. Kosa lililosemwa ni la siku ya kura.

Inafaa kukumbuka pia jinsi nafasi hii inavyokuja kwa nadra. Wabunge wa jimbo waliochaguliwa tarehe 30 Oktoba 2006 walikaa mpaka 2019, kwa sababu uchaguzi wa jimbo haukufanyika tena mpaka 30 Desemba 2018. Mtoto aliyezaliwa Kasongo mwaka ule wa kwanza alikuwa na miaka 12 kabla wazazi wake hawajapiga kura nyingine ya jimbo. Ya tatu ilikuwa 20 Desemba 2023, na wabunge waliotoka humo ndio waliomchagua Moussa Kabwankubi kuwa gavana mwezi wa Aprili 2024.

Kuna viti vingine katika Bunge la Kindu ambavyo havipiti kwenye sanduku la kura. Kifungu cha 197 cha Katiba kinaruhusu wabunge wanaoingizwa bila kuchaguliwa na wananchi, wasiozidi sehemu moja ya kumi, na nafasi hizo ni za wakuu wa jadi. Hapo hakuna shahada wala kadi ya chama inayobishaniwa. Swali ni nani mkuu wa kweli, wa ukoo gani, na kama serikali imemtambua kwa sheria ya wakuu wa jadi ya Agosti 2015. Mabishano hayo yanaanzia nyumbani kwa wazee, na yakifika Kindu huwa tayari yana miaka mingi.