Chembe, Kigumba na Wano: Msamiati wa Mshale katika Nchi ya Mara

Katika maandishi mengi ya siku hizi, kile kipande cha chuma kinachokaa mbele ya mshale huitwa "ncha ya mshale". Maneno hayo hayana kosa la sarufi, wala hayamsumbui msomaji. Hata hivyo, hayamwambii jambo ambalo mwindaji wa zamani alilitaka kwanza: chuma hicho ni cha namna gani, na kimekusudiwa mnyama gani? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba uteuzi wa chuma cha mshale ulikuwa elimu kamili, kwamba Kiswahili kilikuwa na maneno ya elimu hiyo, na kwamba maneno hayo yanahitajika tena leo katika mahali tusipopatarajia, yaani mahakamani.

Tuanzie Mara. Nchi iliyo kati ya Ziwa Viktoria na mbuga za Serengeti imekaliwa tangu zamani na watu waliolima, wakafuga na kuwinda. Masimulizi ya asili yao yanalishuhudia jambo hilo. Wanata husimulia juu ya Nyamunywa, mwindaji, aliyeoana na Nyasigonko, mwanamke mkulima. Waikizu, ambao nchi yao imo katika Wilaya ya Bunda, humtaja Nyakinywa aliyetoka Kanadi katika Usukuma akakutana na Isamongo, naye pia alikuwa mwindaji. Msomaji asiyachukue masimulizi hayo kuwa tarehe za historia. Lakini yanaonyesha kwamba mbele ya macho ya wenyeji upinde na jembe vilisimama pamoja katika kuanzisha jamii.

Vilisimama pamoja katika lugha pia. Tukiyaweka jembe, wembe na chembe katika safu moja, yaelekea tunaliona shina moja, -embe, likibadilisha ngeli tu: kubwa la kulimia, jembamba la kunyolea, na dogo la kutia mshaleni. Mhunzi aliyefua kimoja aliweza kukifua na kingine. Miongoni mwa Wazanaki wa Butiama na jirani zao, wahunzi walikuwa kundi lao wenyewe, Abaturi, na jina hilo lina undugu na muturi wa Kikikuyu, maana yake mfua chuma. Kwa hiyo aliyetaka mshale wa kuwindia alimwendea mtu yule yule aliyemfulia mkewe jembe.

Je, alimwomba afue nini? Maelezo yaliyo kamili sana kuhusu mishale ya uwindaji katika Tanzania ni ya Wahadza wa kando ya Ziwa Eyasi, kusini-mashariki ya Serengeti, ambao vifaa vyao vilielezwa na James Woodburn katika kitabu kilichotolewa na makumbusho ya Uingereza mwaka 1970. Humo twaona namna tatu za mshale. Ya kwanza ni mshale wa mti mtupu uliochongwa, usio na chuma, kwa ndege na wanyama wadogo. Ya pili ni mshale wa chuma bapa chenye makali pande mbili, usio na sumu. Ya tatu ni mshale wa chuma chembamba chenye meno yaliyoelekea nyuma, uliopakwa sumu, kwa wanyama wakubwa.

Tofauti ya namna ya pili na ya tatu si ya urembo. Chuma bapa huua kwa kukata: hupasua mishipa, damu humwagika, na mnyama huanguka kwa kuishiwa damu. Kwa sababu hiyo makali yake hayana budi kuwa kama ya wembe, na upana wake hauna budi kupimwa. Kikiwa chembamba mno, jeraha huwa dogo. Kikiwa kipana mno, hukamatwa na upepo, mshale ukayumba, na upinde dhaifu hauwezi kukipitisha katika ngozi na misuli. Uzito nao ni vivyo hivyo, maana chuma kizito huuinamisha mshale kabla haujafika.

Chuma cha sumu hakihitaji kukata sana. Kazi yake ni kuingia na kubaki. Yale meno huzuia kisichomoke mnyama akimbiapo, na katika mishale mingi ya Afrika ya Mashariki sehemu ya mbele huachana na uti, hata uti ukaanguka njiani na kuokotwa, chuma kikaendelea na safari ndani ya mwili. Sumu hupakwa nyuma ya ncha, kisha aghalabu huvungwa kwa ukanda wa ngozi, ili isikauke wala isimdhuru mwenyewe. Sumu maarufu hutokana na mti ambao Wamijikenda huuita mutsungu. Magogo na mizizi yake huchemshwa kwa saa nyingi mpaka maji yawe kama lami. Mwaka 1888 Mfaransa Arnaud aliitenga dutu yake kali, inayoitwa wabaini, nayo huusimamisha moyo ikiingia katika damu. Ikimezwa haina nguvu hiyo, na ndiyo maana nyama huliwa baada ya kukatwa sehemu ya jeraha. Wamijikenda huiita sumu hiyo utsungu, yaani uchungu.

Basi Kiswahili kilikuwa na nini? Kilikuwa na uta, neno la kale lililo pia katika Kikamba na Kikikuyu, kabla upinde, litokanalo na kupinda, halijatawala. Kilikuwa na upote, kamba ya upinde. Podo na ziaka, mifuko ya mishale. Wano, uti wa mshale. Na kwa chuma chenyewe kilikuwa na chembe na kigumba. Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alipoifasiri tamthilia ya Shakespeare kwa jina la Mabepari wa Venisi mwaka 1969, alikutana na hadithi ya Bassanio juu ya mshale wa pili uliotumwa kuutafuta wa kwanza. Kiingereza cha tamthilia hiyo huuita mshale mzima kwa jina la uti wake. Sisi tunalo jina la uti, na jina la mshale mzima, na majina mawili ya chuma. Tena twaandika "ncha".

Sababu moja ni kwamba chembe limepewa kazi nyingine. Leo hufundishwa chembe za damu na chembe ya mchanga, na mwanafunzi akisikia "chembe cha mshale" hudhani ni unga wa mshale. Sababu kubwa zaidi ni kwamba kitu chenyewe kimeondoka machoni. Amri ya kwanza ya jumla juu ya uwindaji katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani ilitolewa na gavana Wissmann mwaka 1896. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ikaanzishwa mwaka 1951. Sheria ya mwaka 1974, kisha ile ya mwaka 2009, zikaweka uwindaji chini ya leseni, na silaha yenye sumu imekatazwa. Wanaovunja sheria hizo siku hizi hutumia zaidi tanzi la waya, ambalo halichagui mnyama, wala halihitaji mhunzi, wala halina msamiati.

Hapa ndipo jambo linapokuwa zito. Mwaka 2021 sheria ya nchi ilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Mashauri ya watu waliokamatwa hifadhini na silaha si jambo geni katika mahakama za Mara. Ikiwa hati ya vielelezo itaandika tu "silaha za jadi" au "mishale yenye ncha", hakimu hatajua kama mbele yake pana chuma bapa kisicho na sumu au chuma chenye meno kilichopakwa uchungu. Na sheria inaitaja sumu waziwazi. Kifungo cha mtu kisitegemee upungufu wa neno ambalo lugha yake inalo.

Kwa hiyo napendekeza: chembe cha mshale (wingi, vyembe) liwe jina la jumla la chuma cha mbele, chembe bapa liwe la kile kipana chenye makali, kigumba litengwe kwa chenye meno ya nyuma, wano libaki kwa uti, na uchungu wa mshale kwa sumu. Katika kamusi chembe na kigumba hukaribiana sana kimaana, kwa hiyo kuyatenganisha ni uamuzi wa kiistilahi, nao wapaswa kujadiliwa. Wala tusiishie katika kamusi za pwani. Wazee wa Butiama, Bunda na vijiji vya Musoma huenda wana maneno yao ya vyembe. Inafaa wakusanyaji wa istilahi wawaendee na kuyaandika, kila neno pamoja na mchoro wa chuma chake, kabla ya kuamua lipi lisanifiwe.