Wikendi Philadelphia? Anzeni kwa Ona Judge
Wasee, mkipata siku mbili za kutembea Philadelphia, najua mtakimbilia Kengele ya Uhuru mpige selfi. Mimi Jumamosi ningeanzia hatua chache tu kutoka hapo, palipokuwa na nyumba aliyoishi Rais George Washington. Sheria ya Pennsylvania ya 1780 ilimruhusu mtumwa aliyeletwa na mgeni kudai uhuru akishakaa miezi 6. Washington naye akawa anawatoa watumwa wake nje ya jimbo kabla miezi iishe, ndio hesabu ianze upya. Ujanja tu! Lakini Mei 1796, familia ikila chakula cha jioni, Ona Judge alitoka akaenda zake, akapanda meli hadi New Hampshire. Washington alijaribu kumrudisha, akashindwa. Kengele? Hiyo ni ya Jumapili.