Japani: Jina Maarufu Lina Kura Ngapi?

Mwezi Machi 2023 Baraza la Juu la Bunge la Japani lilimfukuza mbunge ambaye hakuwahi kukanyaga bungeni hata siku moja. Jina lake la kazi ni GaaSyy, mtu wa YouTube aliyepata umaarufu kwa kuanika siri za wasanii. Julai 2022 alichaguliwa kwa kura zaidi ya 280,000 akiwa Dubai, na huko Dubai akabaki, akihofia kukamatwa akirudi kwao. Tangu 1951 hakuna mbunge aliyewahi kufukuzwa.

Nilipoisoma habari hiyo nilicheka. Ndugu zetu wako Dubai wakitafuta riziki, kumbe kuna mwenzao hapo mtaani ni mheshimiwa! Lakini nilipofuatilia nikaona mambo si ya kuchekesha hivyo. Kuna hesabu ndani yake.

Wabunge wa aina hii Wajapani huwaita tarento giin. Tarento ni yeyote ambaye uso wake umezoeleka kwenye televisheni: mwimbaji, mchekeshaji, mwanamieleka, hata profesa mpiga gumzo. Giin ni mbunge.

Ukitaka kuelewa wanavyopita, anza na karatasi ya kura. Yetu ina jina, picha na alama ya chama. Unatia alama yako, unatoka. Japani, katika uchaguzi wa bunge, mpiga kura hupewa karatasi isiyo na majina, aandike mwenyewe kwa mkono. Orodha ya wagombea imebandikwa kibandani, ndiyo, lakini jina ulilolizoea huandikika upesi. Ndiyo maana mabango mengi huandika majina kwa hiragana, herufi nyepesi ambazo mtoto hujifunza mwanzo. Msanii naye anaweza kuomba ruhusa agombee kwa jina lake la jukwaani. Tena kampeni za Baraza la Juu huchukua takriban siku 17 tu, na ni marufuku kupita nyumba kwa nyumba kuomba kura. Magari ya vipaza sauti huzunguka yakirudia jina la mgombea, basi. Aliyekwisha kujulikana nchi nzima huwa amemaliza kampeni kabla haijaanza.

Jambo hili si la jana. Kuanzia 1947 hadi 1980, sehemu ya viti vya Baraza la Juu ilipigiwa kura nchi nzima kana kwamba ni jimbo moja. Mwaka 1968 mwandishi wa riwaya Shintaro Ishihara alizoa kura milioni 3, na wachekeshaji Yukio Aoshima na Knock Yokoyama wakaingia pamoja naye. Aprili 1995 wachekeshaji hao wawili walichaguliwa magavana siku moja, Aoshima wa Tokyo na Yokoyama wa Osaka, wakiwa wagombea huru waliowabwaga watu wa vyama vikubwa. Yokoyama aliondoka kwa aibu mwishoni mwa 1999: alimdhalilisha kijinsia msichana aliyejitolea katika kampeni yake, na mahakama ikamtia hatiani.

Kuanzia 1983 wapiga kura walichagua chama tu katika viti hivyo vya kitaifa. Mwaka 2001 majina yakarudi, na hapa ndipo hesabu ilipo. Ukiandika jina la mgombea, kura yako huingia kwanza kwenye kapu la chama chake. Kapu zima ndilo linaloamua chama kipate viti vingapi, kisha viti hugawiwa kwa walioandikwa zaidi. Msanii mmoja mwenye kura 400,000 huweza kumbeba mwenzake asiyejulikana na mtu. Na msanii akiondoka, kiti hakiondoki. Mtangazaji Kyosen Ohashi aliingia 2001, akagombana na chama chake, akajiuzulu Januari 2002. Aliyemfuata kwenye orodha akakalia kiti. Kiti cha GaaSyy nacho kilikwenda vivyo hivyo.

Sisemi wote ni mapambo. Mwanamieleka Antonio Inoki, aliyechaguliwa 1989, alikwenda Iraq 1990 na akasaidia Wajapani waliozuiliwa huko waachiliwe. Mchekeshaji Hideo Higashikokubaru, gavana wa Miyazaki kuanzia 2007, alizitangaza embe za kwao mpaka nchi nzima ikazitaka (sisi wa Pwani hatukuhitaji gavana kwa hilo).

Ninayemkumbuka zaidi ni mwigizaji Taro Yamamoto, aliyeingia siasa akipinga nyuklia baada ya ajali ya Fukushima ya 2011. Mwaka 2019 alianzisha chama, Reiwa Shinsengumi. Mwaka mmoja nyuma chama tawala kilikuwa kimepitisha kanuni ya kuwaweka wagombea wachache juu ya orodha wapate viti kwanza, ili kiwahifadhi watu wake ambao majimbo yao yaliunganishwa. Yamamoto aliitumia kanuni hiyohiyo kuwatanguliza Yasuhiko Funago, ambaye maradhi ya neva yamemnyima mwendo na sauti, na Eiko Kimura, mwenye ulemavu mkubwa wa mwili. Jina la Yamamoto liliandikwa na watu karibu 990,000, wengi kuliko mgombea mwingine yeyote wa orodha za vyama. Chama kikapata viti viwili, yeye akabaki nje.

Agosti 2019 Funago na Kimura waliingia bungeni kwa viti vyao vya magurudumu. Ukumbi ulikuwa umerekebishwa wapate nafasi, umeme wa vifaa vya Funago ukawekwa, na wasaidizi wao wakaruhusiwa kukaa nao.