Kiwango Kikinyamaza, Nani Anajibu?
Wasee, niko Kau, kando ya mto Ozi, najaribu kuunda brauza yangu. Si kusoma kanuni kunakonisumbua, ni pale zinaponyamaza.

Zamani waandishi wa pwani hii waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ambazo hazina p wala v. Wakaazima b na f, msomaji akakisia.

Wavuti nayo ilipitia hayo. HTML 2.0 ya 1995 ilieleza ukurasa sahihi, lakini uliokosewa haikuueleza kwa kina. Kila brauza ikakisia kivyake, wadogo wakaiga wakubwa. Kundi la WHATWG, lililoanza 2004, likaandika hadi namna ya kusoma makosa. Hapo ndipo mdogo alipata pa kusimama.

Kanuni ikinyamaza, mkubwa ndiye hujibu. Tudai iandikwe.