Kibaraza Kilichozaa Ushirika

Mtajie mtoto wa leo tingatinga, atafikiria mtambo wa kuchimba barabara. Lakini Oysterbay, Dar es Salaam, Tingatinga ni jina la mtu, na limelipa ada za shule za watoto wengi.

Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alipitia mashamba ya mkonge Tanga kabla ya kuhamia Dar es Salaam. Alianza kuchora mwaka 1968 hivi. Turubai na rangi za wasanii hakuwa nazo. Alitumia kipande cha hadibodi, kama futi mbili kwa mbili, na rangi ya kopo, ile ya kupaka baiskeli. Kwanza rangi moja ubao mzima, juu yake chui au ndege, kisha madoa, moja moja, mpaka mnyama ajae. Picha zikauzwa kwenye kibaraza cha Morogoro Stores, duka la Oysterbay, ambako Wazungu wa mitaa ile walifuata mahitaji yao. Wengi humsifu kwa rangi. Mimi namsifu kwa kuchagua kibaraza kile: aliipeleka sanaa kwa wateja.

Kazi ilipomzidi, akawaita ndugu na jamaa, akawafundisha. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mhalifu, akafa. Alikuwa amechora miaka minne tu.

Wanafunzi wake hawakutawanyika. Mwaka 1977 waliunda ubia, na mwaka 1990 ukawa chama cha ushirika, pale pale Oysterbay. Simama hapo uangalie picha moja inalisha wangapi: seremala anayepasua mbao za fremu, muuza rangi za makopo, kijana anayejifunza kwa kujaza madoa, mama ntilie anayewaletea wali maharage mchana, dereva wa bajaji anayesubiri mgeni atoke na mzigo wake. Hakuna kati yao aliyesomea sanaa.

Leo mtindo wa Tingatinga unachorwa na kuuzwa Zanzibar, Arusha hadi Nairobi, na mauzo mengi hayapiti kwenye ushirika. Na sisi wenyewe? Sebule zetu zina kalenda za benki na maua ya plastiki. Tingatinga tumewaachia watalii. Ukipita Oysterbay, ingia. Chagua hata ile ndogo ya mraba, patana bei kama kawaida yetu, kisha uitundike nyumbani kwako.