Nyimbo za miaka yetu ya masomo: nazo ni historia

Tukisema «mila», wengi wanafikiri mara moja ngoma ya kijijini, likembe, nyimbo za arusi na za kilio. Ni kweli, ile ni mizizi. Lakini sisi tuliokomea mu miji ya shaba, Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, tulilelewa na gitare na radio vilevile. Nyimbo tulizopenda ku masomo hazikuwa mchezo tu. Ni mashahidi wa historia, na mashahidi hawa wako karibu kunyamaza.

Tuanze na wazee wetu. Mu mwaka wa 1952, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alifika Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akarekodi kijana mmoja mpiga gitare, Jean Bosco Mwenda. Wimbo wake «Masanga» ulijulikana mbali, kupita mipaka ya Katanga. Yeye na Edouard Masengo waliimba kwa Kiswahili chetu. Kwa hiyo, asituambie mtu kwamba gitare ni kitu cha wageni. Ilikwisha kuwa mtoto wa nyumba.

Kizazi kilichofuata kilipenda muziki wa «yeye», rock ya Uingereza na Ufaransa, na soul ya Marekani. Tarehe 24 Desemba 1969, vijana wa Kinshasa waliunda Zaiko Langa Langa. Hawakutaka matarumbeta kama ya orkestre za wakubwa. Waliweka mbele gitare na batri. Wazazi walilalamika, vijana wakacheza. Upande mwingine wa mpaka, kule Zambia, vijana wa miji ya shaba walipiga rock yao wenyewe. Orkestre WITCH ilikuwa na mwimbaji Emanuel Chanda, aliyeitwa Jagari kwa kufuata jina la Mick Jagger. Shaba ni moja, na kelele ya gitare ilikuwa ndugu.

Hapa kuna fundisho zuri kwa wanafunzi. Mu Oktoba 1971 Mobutu alibadili jina la inchi kuwa Zaire. Mu 1972 majina ya kikristo yalikatazwa. Jean na Marie wakatafuta majina ya mababu. Lakini mu Septemba 1974, serikali ileile ilipokea James Brown na B.B. King ku Kinshasa, kwa siku tatu za muziki pamoja na Franco na Tabu Ley, mbele ya mapigano ya Muhammad Ali na George Foreman, yaliyofanyika tarehe 30 Oktoba. Kwa nini Jean afukuzwe, James akaribishwe? Nikiuliza swali hilo mu darasa la sita, hakuna anayelala. Wanaona kwamba «otantisite» haikuwa ukuta. Ilikuwa mlango, na ufunguo ulikuwa mu mkono wa mkubwa.

Sisi tulioingia sekondari mwanzoni mwa miaka ya 1990 tulipata urithi wa wote hao. Wenge Musica, iliyoanzishwa ku Kinshasa mu 1981 na vijana wa masomo kama sisi, ndiyo ilikuwa orkestre yetu. Kaseti za Lucky Dube na Yvonne Chaka Chaka zilitoka Afrika ya Kusini zikipitia Kasumbalesa. Michael Jackson tulimuona mu video, kwa jirani mwenye televizio. Tulirudisha kaseti nyuma kwa biki, ili mawe ya radio yasiishe mbio. Tena kila mmoja alikuwa na kaye ya nyimbo: maneno ya Kiingereza yaliyoandikwa vile sikio lilivyosikia, na Lingala pembeni. Kwetu Lingala ilikuwa luga ya waaskari, watu waliiogopa. Nyimbo ndizo zilituonyesha kwamba luga ile inajua pia kubembeleza.

Lakini kaye zile zinasema na jambo lingine. Mu 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, hata wale waliozaliwa hapa na wasiojua kijiji kingine. Ku gare ya Likasi jamaa nyingi zililala inje muda wa miezi, wakingojea treni; wengine walikufa hapo, wengine mu njia. Mu darasa letu viti vilibaki bure. Mu kaye yangu kuna kurasa zilizoandikwa kwa mikono ya wenzetu hao. Tulikuwa tunabadilishana: wewe unaniandikia wimbo wa Wenge, mie nakuandikia wa Lucky Dube. Hotuba za wakati ule zilisema hatuwezi kukaa pamoja. Kaye inasema tulikuwa tunaimba pamoja, ku benki moja. Kwa mwalimu wa historia, ukurasa kama huo ni hati.

Mu Desemba 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo mu urithi wa watu wote. Tulifurahi, na ni haki. Ila hati ile haitalinda kaseti iliyoota ukungu chini ya kitanda, wala kaye inayofungiwa karanga ku soko.

Kwa hiyo ninatoa kazi ndogo, ndugu msomaji, mwalimu ao mzazi. Wazee wetu wanapima miaka kwa nyimbo: «Mutoto wangu wa kwanza alizaliwa ile mwaka Wenge ilipasuka», ndiyo kusema 1997. Mtume mwanafunzi akamuulize mzee mmoja: wimbo gani ulipenda ku masomo, nani alikufundisha, yuko wapi leo? Aandike jibu, jina, mahali na mwaka. Swali la tatu ndilo zito, asilipite mbio. Nusu ya historia ya miji yetu iko mu jibu lile, na haijaandikwa bado mu kitabu cha masomo.